Makaa Chini ya Ngazi

Nchini Saudia kulikuwa na desturi ya kumchukua mfanyakazi wa nyumbani kwa majaribio kabla ya kumhamisha kikamilifu. Mwajiri wa kwanza humruhusu aende kwa mwajiri wa pili kwa muda wa mwezi hivi. Wakielewana, karatasi huandikwa na jina la kafili, yaani mwajiri mdhamini, hubadilishwa kwenye ikama, kitambulisho ambacho mgeni akikikosa hana pa kusimama. Wasipoelewana, mfanyakazi hurudi alikotoka, na kwa kawaida hakuna anayemlaumu mwenzake. Majira ya baridi ya mwaka ule bei za umeme na petroli zilipopanda kwa pamoja, mke wangu na mimi tuliitegemea desturi hiyo. Hatukuwa tukitafuta jambo kubwa. Tulitaka kuishi chumba kimoja.

Yeye alikuwa Jeddah, katika nyumba moja ya Al-Hamra, karibu na bahari. Wakala alipopita kwetu Kinangop, nyanda za juu za Kenya, akiandikisha wanawake wa kwenda Uarabuni, alitangulia yeye, kwa kuwa kazi za wanawake ndizo zilizopatikana haraka. Mimi nilikuwa na shahada ya ualimu, historia na Kiswahili, na miaka kadhaa ya kungoja kuajiriwa na serikali. Mwaka uliofuata nilimfuata, nikidhani kwamba Saudia ni mahali pamoja. Nilipelekwa Riyadh. Nilipouliza Jeddah iko upande gani, yule dereva aliyenipokea uwanja wa ndege alicheka, akaniambia kwamba hata basi likisafiri tangu magharibi, kunapambazuka bado liko njiani.

Kazi yangu ilikuwa uharisi. Harisi ni zaidi ya mlinzi: huosha magari ya wapangaji alfajiri, hupandisha maji kwenye matangi ya paani, hubeba mitungi ya gesi, husafisha ngazi, hupokea wageni, na hujua mambo ya kila mtu bila kuulizwa. Chumba chake huwa chini ya ngazi au pembeni mwa geti. Changu kilikuwa chini ya ngazi, kuta za saruji, sakafu ya vigae, mlango wa bati zito ulioelekea upande usiopata jua. Mwenye jengo alikuwa mzee mstaafu aliyeishi ghorofa ya juu na mkewe. Nilimwita baba, kama wafanyakazi wote wa mtaani walivyowaita waajiri wao, na neno lenyewe halikunichoma sana, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki kadiri ya uwezo wake. Mkewe alikuwa akihitaji mwanamke wa kumsaidia. Nikamwambia kwamba mimi ninaye mke, yuko Jeddah, naye anajua kazi. Mzee alifikiri siku kadhaa, kisha akasema, "Aje kwa majaribio. Atalala kwako."

Siwezi kudai kwamba kupanda kwa gharama kulituletea mabaya tu. Madam wa Al-Hamra asingemwachilia mke wangu mwaka mwingine wowote. Lakini bili zilikuwa zimeanza kumtisha, kodi mpya imeongezwa juu ya kila anachonunua, naye alikuwa na wafanyakazi wawili pale ambapo mmoja angetosha. Alikubali kutoa tanazuli, yaani idhini ya kumwachilia mfanyakazi, ila kwa sharti moja: chumba cha mke wangu hatampa mtu mwingine mpaka majaribio yaishe.

"Utarudi," alimwambia. "Wewe huijui Riyadh. Kule baridi inaingia mfupani."

Nilipewa ruhusa nikaenda kumchukua. Tulipokuwa tukingoja basi la jioni tulipita sokoni Balad kutafuta koti. Jeddah haina baridi, na duka baada ya duka tulionyeshwa visweta vyepesi. Mwuzaji mmoja, Myemeni mwenye ndevu nyekundu, alituuliza tunakwenda wapi na nguo hiyo.

"Riyadh," nikasema.

"Riyadh, na sweta hii? Hii ni ya kuvaa mbele ya kiyoyozi."

Mke wangu akanigeukia. "Mwalimu, hebu mweleze sisi ni watu wa Kinangop. Mwambie sisi baridi tunawauzia watu."

Ndivyo alivyoniita siku zote, mwalimu, hata baada ya mimi mwenyewe kuacha kujiita hivyo. Nilimweleza Myemeni kwa Kiarabu changu cha kuokoteza kwamba kwetu kuna umande unaoganda juu ya majani asubuhi. Alitikisa kichwa kama mtu anayemsikiliza mtoto, akatupunguzia bei.

Wiki ya kwanza ilikuwa njema. Ninaikumbuka vizuri kwa kuwa haikuwa na tukio. Chumbani mlikuwa na hita ya umeme, ile ya nyuzi mbili zinazogeuka nyekundu, niliyoachiwa na harisi aliyenitangulia. Mke wangu akishuka jioni kutoka kwa mama wa juu, alitandaza soksi zake mbele yake, akasonga ugali juu ya jiko la gesi, tukala tukiwa tumekaa kitandani kwa sababu hapakuwa na nafasi ya viti. Alinisimulia mambo ya Al-Hamra, nami nilimsimulia mambo ya wapangaji. Alisema jengo letu lina kelele nzuri. Al-Hamra, alisema, ukimya ulikuwa mwingi hata ukajisikia ukimeza mate.

Kisha bili ikaja. Jengo lilikuwa na mita moja ya pamoja kwa ajili ya taa za ngazi, lifti, pampu ya maji na chumba changu. Miaka yote mzee alikuwa akiilipa mwenyewe bila kusema neno, kwa kuwa ilikuwa kitu kidogo. Mwezi ule hakikuwa kidogo tena. Alibandika karatasi lifti ilipo, akiwaarifu wapangaji kwamba tangu sasa watachangia, na wapangaji wakataka kikao.

Walikutana pale chini, mbele ya ngazi, baada ya sala ya alasiri. Mke wangu alikuwa amepika chai ya maziwa ya kwetu, yenye tangawizi, nami niliipitisha kwenye trei. Aliyesema zaidi alikuwa Mmisri mmoja mhasibu wa ghorofa ya pili, mtu mpole ambaye watoto wake nilikuwa nikiwavusha barabara kila asubuhi.

"Taa tutalipa," alisema. "Lifti tutalipa. Pampu ni haki, sote tunaoga. Lakini kuna kitu hapa kinakula umeme mchana na usiku, na kitu hicho si lifti."

Hakuna aliyegeuka kuutazama mlango wangu. Haikuwa lazima.

"Ni hita ya harisi," akasema kijana mmoja aliyehamia karibuni. "Na sasa wako wawili."

"Watu wawili hawahitaji hita mbili," mzee akajibu.

"Kweli, baba, lakini zamani harisi akitoka alikuwa akiizima. Sasa mmoja akitoka, mwingine yumo."

Alikosea hapo, kwa kuwa mchana kutwa mke wangu alikuwa ghorofa ya juu, lakini sikuwa nimeulizwa. Nilikuwa nimeshika trei. Mzee alijipangusa uso kwa viganja vyake, kama alivyofanya kila alipochoka na watu.

"Yalla, hita itolewe," akasema. "Nitawapa mablanketi."

Mhasibu akanywa chai yake hadi mwisho, akanirudishia kikombe, akanishukuru. Alisema tangawizi ile imemponya koo. Nimewahi kusimulia jambo hili mbele ya watu wakamkasirikia, nami huwa najikuta nikimtetea. Alikuwa na watoto watatu, na mshahara wake haukuwa umepanda pamoja na bei za vitu. Alitafuta cha kupunguza, akapunguza pale palipokuwa karibu. Kiyoyozi changu hawakukitaja, na nina hakika hawangekitaja hata mwezi wa saba bili ikiongezeka mara mbili. Joto walijua linaua. Baridi waliiona ni jambo la blanketi.

Mablanketi mawili yalikuja, mazito kweli, yenye picha za simba. Lakini baridi ya Riyadh haifanani na tuliyoizoea. Ya nyumbani ina unyevu na ukungu, na jua likichomoza inaondoka. Ile ya chumba kile ilikuwa kavu, ilikaa ndani ya saruji, ikapanda kutoka kwenye vigae hadi gotini. Mikono yangu ilipasuka kwa maji ya kuoshea magari. Midomo ya mke wangu ilipasuka pia, na vidole vyake, vilivyozoea hewa ya bahari, vikawa vigumu asubuhi hata asiweze kufunga vifungo vya sweta ya Myemeni. Tuliziba nyufa za mlango kwa matambara na chini yake tukasokota taulo kuukuu. Upepo ulipungua, baridi ikabaki.

Nadhani wazo la makaa lilitujia sote wawili wakati mmoja, kwa hiyo sijui aliyelitamka kwanza. Wapangaji walipenda kuchoma nyama paani siku za mapumziko, na mifuko ya makaa iliyobaki iliachwa kwangu. Nilichukua karai la fundi mmoja aliyeondoka, nikalitoboa matundu. Tuliwasha makaa nje, karibu na mapipa ya taka, mpaka moshi wote ukaisha na yakawa mekundu safi, kisha tukaingiza ndani. Tulikuwa waangalifu. Hakuna mtu wa kwetu asiyejua kwamba makaa yenye moshi hayaingizwi chumbani. Utotoni mwetu sote tulilala katika nyumba za mbao, jiko likiwaka katikati ya chumba, na hakuna aliyeamka mgonjwa. Jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria, hata kwa shahada yangu, ni kwamba nyumba zile zilikuwa na mianya kila ubao unapokutana na ubao, na upepo wa Aberdare ulipita humo upendavyo. Jiko halikutudhuru kwa sababu nyumba zetu zilikuwa mbovu.

Chumba kikapata joto. Mke wangu alinyoosha miguu kuelekea kwenye karai, akasema, "Sasa mwambie huyo mhasibu aje na kikokotoo chake."

Baada ya siku chache alianza kutapika asubuhi. Kichwa kilimuuma akiamka, akawa na kizunguzungu, na harufu ya mafuta ya kukaangia ikamchukiza. Alijikaza akapanda juu kazini. Mke wa mzee alimwangalia siku mbili tatu, kisha akamshika mashavu kwa mikono yote miwili, akamwambia mabruki, yaani hongera.

Mtu ambaye hajawahi kungoja mtoto kwa miaka mingi hawezi kujua neno hilo lilivyoteremka ngazi na kuingia chumbani kwetu. Mke wangu alikuwa anakaribia arobaini. Mambo ya watoto tulikuwa tumeacha kuyazungumza, si kwa makubaliano, bali kama watu wanavyoacha kupita njia fulani. Jioni ile alikaa kitandani bila kuvua viatu.

"Ni uongo," alisema.

"Huenda si uongo."

"Usiseme huenda, mwalimu. Nyamaza tu kidogo."

Nikaongeza makaa ili asipate baridi.

Kesho yake mzee aliniita juu. Alikuwa amekwisha kusikia. Alisema Mungu anampa amtakaye, na kwamba anafurahi kwa ajili yangu, lakini mfanyakazi mjamzito hawezi kumhamishia kwake: hospitali, bima, karatasi, na kazi atafanya nani. "Kama ni kweli, halas, imekwisha," alisema, "arudi kwa madam wake, na madam wake atampeleka nyumbani." Alilisema bila ukali. Nilishuka nikiwa nimebeba mambo mawili ambayo hayangeweza kukaa pamoja. Kama kuna mtoto, chumba hakuna. Kama chumba kipo, mtoto hayupo.

Mke wangu aliliona jambo lile waziwazi kuliko mimi. "Basi nitakwenda nyumbani," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu atoke Jeddah nikamwona akicheka kwa mwili mzima. "Nitazaa Kinangop. Wewe baki hapa na baridi yako uilinde."

Ghorofa ya chini, mkabala na ngazi, aliishi Msudani mmoja mfamasia, kapera, aliyefanya kazi katika duka la dawa la barabara kuu. Alasiri moja nilikwenda dukani kwake kununua kipimo cha mimba. Alinipa bila kuniuliza neno. Siku iliyofuata nilirudi. Kipimo kilikuwa kimesema hapana, na mke wangu alikuwa ametapika tena. Nilitaka kingine, nikidhani cha kwanza kilikuwa kibovu.

"Kichwa humuuma wakati gani?" aliniuliza.

"Akiamka. Akipanda juu kazini kinapungua."

"Na wewe?"

"Mimi sina neno. Kichwa kidogo tu, asubuhi."

Akanitazama. "Yaa harisi, na wewe pia una mimba?"

Sikumwelewa mara moja. Yeye hakucheka. Alimwachia mwenzake duka, tukatembea pamoja hadi nyumbani, na nilipofungua mlango alisimama kizingitini akivuta hewa kwa pua. Aliliona karai. Aliyaona matambara kwenye mlango na taulo iliyosokotwa. Kwa mguu wake akaisukuma ile taulo pembeni, taratibu, kana kwamba ni mnyama aliyelala.

"Makaa haya anakupa nani?"

"Ni yenu," nikasema. "Yale ya kuchomea nyama."

Akasema kwamba hewa ya sumu itokayo kwenye makaa haina harufu wala rangi, kwamba kila majira ya baridi huua familia nzima mahali fulani, na kwamba sisi tumesalia kwa sababu karai letu ni dogo. Mke wangu alikuwa amerudi na amesimama nyuma yetu, alisikia yote. Alipita kati yetu, akalichukua karai, akaenda kulimwaga kwenye mchanga wa nje.

Mzee alipoambiwa aliteremka mwenyewe, jambo ambalo, hata kwa lifti, hakulifanya mara nyingi kwa sababu ya magoti yake. "Mngekufa katika jengo langu," alisema. Nilisikia alivyoliweka neno jengo, na pia niliona alivyoinama kwa magoti yale kuyang'oa matambara mlangoni. Alisema makaa mafi, yaani hakuna, hayataingia tena. Hita pia hawezi kuirudisha, amekwisha kukubaliana na wapangaji, na akivunja neno leo kesho hawatalipa hata pampu. Lakini kwa kuwa mimba hakuna, yuko tayari kuandika karatasi. "Mke wangu amempenda," alisema. "Amueni nyinyi."

Kwa hiyo kile tulichokuwa tukikitafuta kiliwekwa mbele yetu, nasi tukabaki tukikitazama.

Tuliamulia paani, adhuhuri, alipokuwa akianika nguo za mama wa juu. Ndipo mahali pekee pa jengo palipokuwa na joto, na matangi ya maji yalitukinga upepo. Alikuwa akibana shuka kwenye kamba, amenipa mgongo.

"Nitarudi Jeddah," alisema.

Nilimwambia baridi itaisha baada ya wiki chache. Nilimwambia tutanunua mablanketi mengine, na mkeka wa kuweka juu ya vigae. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Zile siku nilizofikiri nina mtoto, unajua nilichowaza kwanza? Kabla hata ya kufurahi. Niliwaza, huyu atalala wapi humu ndani."

"Asingelala humu. Ungekuwa nyumbani."

"Najua. Lakini ndicho nilichowaza." Akachukua kibanio kingine. "Si kwamba siwezi baridi, mwalimu. Baridi ya kwetu ilikuwa ya kila mtu. Chifu aliisikia, mwalimu mkuu aliisikia, hata padri akija misa ya kwanza alikuwa anatetemeka. Hii ni ya chumba kimoja."

Nitasema pia kwamba ndani ya huzuni yangu palikuwa na nafuu ndogo, kwa kuwa kila asubuhi nilipokuwa nikimfunga vifungo vya sweta niliona aibu ambayo sikuweza kumwambia. Nilimsaidia kuanika shuka za mwisho. Mzee aliposikia uamuzi alisikitika, akampa mke wangu tende za kumpelekea madam.

Tuliishi mbali tena mpaka mikataba yetu ikaisha. Sasa tuko Kinangop, na mtoto hatukujaliwa. Jiko likiingizwa sebuleni, mke wangu huinuka na kufungua dirisha hata mvua ikinyesha. Wageni hudhani ni mambo aliyoyaokota Uarabuni, na kwa kiasi fulani hawakosei.

Siku ile niliyotoka kumsindikiza kwenye basi la kurudi Jeddah nilirudi jioni nikakuta waya mrefu mweupe umetokezwa dirishani kwa mfamasia, umepita ukutani, ukaingia chini ya mlango wangu. Mwishoni mwake palikuwa na hita yangu, ile ile, ambayo sikujua ilihifadhiwa wapi. Mfamasia alitoa kichwa dirishani.

"Ni mita yangu," alisema. "Si ya jengo. Usimwambie mhasibu."

Nilimshukuru. Niliingia, nikakaa kitandani, nikawasha uzi mmoja, nao ukageuka mwekundu polepole. Blanketi la upande wake lilikuwa bado limekunjwa kama alivyoliacha. Asubuhi alipiga simu akiwa amefika Al-Hamra. Sauti yake ilikuwa na mwangwi, kwa kuwa madam alikuwa amezima viyoyozi vyote ili kupunguza bili na milango ya nyumba ilikuwa wazi. Alisema upepo wa bahari unaingia mpaka jikoni. Kisha akauliza baridi ya chumba ikoje.

Nilikuwa nimeinyooshea hita miguu. Nikamwambia ni ile ile.